Waairishi na Wageni: Nani Anavunja Bei ya Kazi?



Katika mkutano uliopita wa tawi letu lililetwa pendekezo kwamba vijana wa Kikongo wanaopakia magunia ghalani wasiandikwe katika chama. Sababu zilizotolewa ni mbili: kwamba wao ni wakimbizi, na kwamba wanavunja bei ya kazi. Pendekezo halikupigiwa kura kwa kuwa giza lilikuwa limeingia na wanaokaa mbali walianza kuondoka. Mwenyekiti akalisogeza hadi mkutano ujao. Tulipokuwa tunatoka, ndugu mmoja ninayemheshimu sana, mtu wa miaka mingi katika chama, alinishika mkono akaniambia, "Katibu, hata Wazungu wenyewe wamechoka na wageni. Hukusikia mambo ya Ayalandi?"

Nilisikia. Nilisikia kabla ya redio, maana mtoto wa dada yangu yuko huko. Anafanya kazi ya kutunza wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani usiku. Tarehe 23 Novemba 2023 alinipigia simu usiku mwingi, akanong'ona kama mtu aliyejificha. "Mjomba, tumeambiwa tusitoke nje. Mabasi yamesimama. Mji unawaka." Alilala juu ya kiti kazini. Ajuza mmoja anayemtunza alikataa kulala mpaka aambiwe binti yuko salama. Ajuza huyo mwenyewe, alipokuwa msichana, alivuka bahari kwenda Uingereza kusafisha hospitali, kwa sababu kwao kazi haikuwapo.

Tangu usiku ule nimekuwa nikiyafuatilia mambo ya nchi ile. Mimi nimesoma hadi darasa la saba tu, lakini nimekaa katika semina nyingi za chama, na mambo ya mishahara na ya kufukuzwa kazini hayahitaji chuo kikuu. Basi nataka kumjibu yule ndugu, na kwa kuwa najua wako wengi wanaofikiri kama yeye, nimeona nijibu katika ukurasa huu wa Kiswahili ambao husomwa ghalani, kwenye reli na kwenye karakana.

Kwanza yaliyotokea. Mchana wa siku ile, mtu mmoja mwenye kisu aliwashambulia watoto nje ya shule katika uwanja wa Parnell, mjini Dublin. Watoto watatu waliumizwa, na mama mmoja mlezi wao pia. Mshambuliaji alikuwa mtu aliyezaliwa Algeria, ambaye alikuwa ameishi Ayalandi miaka mingi na kupata uraia. Habari zikaenda kwa simu za mkononi kwamba ni mgeni, na jioni ileile kundi la watu lilikusanyika. Wakachoma mabasi, wakachoma treni ya mjini na magari ya polisi, wakavunja maduka wakabeba viatu. Lakini aliyemwangusha yule mwenye kisu, kwa kumpiga na kofia yake ngumu ya pikipiki, alikuwa Mbrazili anayepeleka chakula majumbani. Kazi yake ni sawa na ya vijana wetu wa bodaboda. Mgeni alishambulia, mgeni akaokoa, na usiku wake wageni wote wakaambiwa waondoke. Watu wa kupeleka chakula, wengi wao Wabrazili, waliogopa kutoka kwenda kazini.

Mabasi yale yalikuwa ya nani? Tajiri wa Dublin hapandi basi. Anayepanda ni mfagiaji, mpishi na muuguzi wa zamu ya usiku, awe mzaliwa au mgeni. Na mtaa ulioharibiwa, O'Connell Street, ndipo iliposimama sanamu ya Jim Larkin akiwa ameinua mikono yake miwili juu. Kama hamumjui Larkin, nitarudi kwake.

Tangu hapo moto haukuzimika kabisa. Julai 2024 kulikuwa na vurugu Coolock, kaskazini mwa Dublin, mahali palipotengwa kuwapokea waomba hifadhi. Hoteli na majengo kadhaa yaliyosemekana yatawapokea wageni yalichomwa usiku. Juni 2025 nyumba za wageni zilishambuliwa Ballymena, upande wa Kaskazini ulio chini ya Uingereza. Mwaka huohuo Wahindi walipigwa barabarani Dublin, mpaka ubalozi wao ukawaonya raia wake wajihadhari. Oktoba 2025 zamu ikawa ya Citywest. Wanaoandamana hubeba maneno kwamba Ayalandi imejaa. Kisiwa hicho mwaka 1841 kilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Leo, Kusini na Kaskazini pamoja, ni kama milioni 7.

Wako wanaomjibu Mwairishi mwenye hasira kwa kumkumbusha historia. Wanamwambia: babu zako walikufa kwa njaa tangu mwaka 1845, viazi vilipooza shambani na huku nafaka ikipakiwa melini kwenda Uingereza, watu kama milioni moja walikufa na wengine zaidi ya milioni wakakimbia, nanyi mlikuwa wageni Boston na New York na Liverpool, basi mpokeeni mgeni. Maneno hayo ni ya kweli, lakini kwangu mimi hayatoshi. Mtu asiye na nyumba ukimhadithia meli ya babu wa babu yake, hujampa chumba. Tena mateso peke yake hayamfundishi mtu huruma. Ningependa iwe hivyo, lakini ushahidi unakataa.

Yupo mtu mmoja aliyeitwa Denis Kearney. Alizaliwa Ayalandi wakati wa njaa ile, akaenda baharini, akahamia San Francisco kule Marekani akawa mchukuzi wa mizigo kwa magari ya farasi. Mwaka 1877, wakati kazi zimekuwa haba, akawa kiongozi wa chama cha wafanyakazi cha California. Alikuwa hodari wa kuhutubia. Aliwasema vibaya matajiri wa reli, na hapo hakukosea. Lakini kila hotuba yake alimalizia kwa kudai kwamba Wachina lazima waondoke. Mwaka 1882 serikali ya Marekani ikapitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina. Mwairishi aliyetoka kwenye njaa, mgeni mwenyewe, ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Na matajiri wa reli walibaki na reli zao. Hata kabla yake, mwaka 1863 mjini New York, Waairishi wengi maskini waliokasirishwa na sheria ya kuandikishwa jeshini waliwageukia watu weusi wakawaua mitaani. Haya nayasema bila furaha.

Sasa tuangalie upande wa pili, maana Waairishi haohao wametufundisha wafanyakazi wa dunia mambo makubwa.

Mwaka 1984 chama cha wafanyakazi wa maduka cha Ayalandi kilipitisha azimio kwamba wanachama wake wasishike bidhaa za Afrika Kusini ya makaburu. Tarehe 19 Julai mwaka ule, katika duka la Dunnes Stores mtaa wa Henry, Dublin, binti wa miaka 21 aitwaye Mary Manning alikataa kumhesabia mteja mabalungi mawili yaliyotoka Afrika Kusini. Akasimamishwa kazi palepale, na wenzake wakatoka nje naye. Walidhani mgomo utakuwa wa siku chache. Ulikwenda karibu miaka mitatu, kwa posho ya mgomo ya pauni 21 kwa wiki, katika mvua ya kule ambayo binti yetu ananiambia haina msimu, ipo tu. Julai 1985 walijaribu kwenda Afrika Kusini wenyewe, wakarudishwa kutoka uwanja wa ndege. Mwaka 1987 serikali ya Ayalandi ikapiga marufuku matunda na mboga za Afrika Kusini. Mandela alipofika Dublin mwaka 1990, wagomaji wale walikutana naye.

Jambo ninalotaka mlione ni hili. Wagomaji wale wenyewe wamesema mara nyingi kwamba siku ya kwanza hawakujua mengi kuhusu ubaguzi wa makaburu. Walikuwa wanatii azimio la chama. Aliyewafundisha ni Nimrod Sejake, mwanachama wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika Kusini aliyekuwa mkimbizi Ayalandi. Alikuja akasimama nao kwenye mstari wa mgomo, siku hadi siku, akawaeleza maisha ya mfanyakazi mweusi. Chama kilitangulia, moyo ukafuata. Mimi niliyezunguka matawi miaka kumi na minane naona hapa kuna somo kuliko lile la njaa. Kama tungengoja wanachama wetu wote wawapende Wakongo ndipo tuwaandike, tungengoja mpaka kiama.

Na Larkin? Mwaka 1913 tajiri mmoja, William Martin Murphy, mwenye kampuni ya tramu na mwenye magazeti, aliamua kwamba mtu yeyote mwenye kadi ya chama cha Larkin hatafanya kazi kwake. Matajiri wengine mia kadhaa wakamfuata, na wafanyakazi kama 20,000 wakafungiwa nje ya kazi, wao na watoto wao, kuanzia Agosti hadi mapema mwaka 1914. Septemba 1913 meli iitwayo Hare ilitia nanga Dublin ikiwa na vifurushi vya chakula. Ilitumwa na wafanyakazi wa Uingereza, yaani watu wa taifa lile lile lililokuwa linaitawala Ayalandi. Larkin mwenyewe alizaliwa Liverpool. Mwenzake James Connolly, aliyepigwa risasi na Waingereza Mei 1916 akiwa amefungwa kwenye kiti kwa kuwa majeraha hayakumruhusu kusimama, alizaliwa Edinburgh. Wanaobeba bendera leo wakisema Ayalandi ni ya waliozaliwa humo, hao mashujaa wao wawili wangewaweka foleni gani?

Nisije nikaonekana kwamba kila anayeuliza swali namwita mbaguzi. Hapana. Kule kuna ukosefu wa nyumba usio wa kawaida. Mwaka 2006 zilijengwa nyumba zaidi ya 80,000, nyingi kwa mikopo ya benki zilizokuwa zinacheza kamari. Mwaka 2008 benki zikaanguka, serikali ikazibeba kwa fedha za wananchi, mafundi wakakimbilia Australia na Kanada, na kufika mwaka 2013 nyumba zilizojengwa zilikuwa chini ya 10,000 kwa mwaka. Halmashauri za miji, ambazo zamani ziliwajengea wafanyakazi, ziliacha karibu kabisa. Nyumba zikanunuliwa na makampuni ya kupangisha. Mwaka 2025 watu waliokuwa wakilala katika malazi ya dharura ya serikali walipita 16,000, na hao ni wale walioandikwa. Kisha vita ya Ukraine ikaleta watu zaidi ya 100,000 kuanzia mwaka 2022, na waomba hifadhi wa nchi nyingine nao wakaongezeka. Serikali ikakodi hoteli na majengo matupu, mara nyingi katika mitaa ya wanyonge, mara nyingi bila kuwaita wakazi hata kikao kimoja. Mama wa mtaa ule anayeuliza daktari atatoka wapi na shule ina nafasi ngapi, anauliza swali la halali. Ningekuwa mimi ningeuliza.

Lakini angalia nani anakuja kumjibu. Mwenye benki hayupo. Mwenye hoteli aliyelipwa na serikali kwa kila kitanda hayupo. Anakuja kijana mwenye kamera na bendera, anamwonyesha Mnaijeria kwenye kituo cha basi. Basi hasira yote, ambayo ilikuwa na anwani yake, inapelekwa nyumba nyingine.

Wapiga kura wa kule, niseme haki, hawakuwafuata sana watu hao. Katika uchaguzi wa Novemba 2024 vyama vilivyoundwa hasa kwa ajili ya kupinga wageni havikupata kiti hata kimoja bungeni. Lakini vyama vikubwa vimeanza kuongea lugha yao kidogo kidogo. Na si kweli kwamba mambo yameanza jana. Juni 2004 wananchi walipiga kura ya kubadili katiba ili mtoto aliyezaliwa humo na wazazi wageni asipate uraia moja kwa moja, na watu kama 79 katika kila 100 walikubali. Mabango ya siku zile yalikuwa ya adabu zaidi, ndiyo tofauti.

Sasa nifike kwenye bei ya kazi, maana hapo ndipo yule ndugu yangu ana hoja yenye uzito.

Mwaka 2005 kampuni ya meli ya Irish Ferries ilitaka kuwaondoa mabaharia wake zaidi ya 500 na kuweka mahali pao watu wa Ulaya Mashariki kwa yuro 3.60 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara Ayalandi wakati ule kilikuwa yuro 7.65. Vyama vya wafanyakazi vikaitisha maandamano tarehe 9 Desemba, na makumi ya maelfu wakajaa Dublin. Ingekuwa rahisi sana siku ile kuwageukia mabaharia wa Kilatvia. Walioandamana walidai kitu kingine: kwamba yeyote atakayefanya kazi ile, atoke popote, alipwe kwa kiwango cha Ayalandi. Hawakupata yote. Kampuni iliwaleta mabaharia wake wa bei nafuu, lakini ililazimika kuwalipa kima cha chini. Mwaka huohuo ikafichuliwa bungeni habari ya wafanyakazi wa Kituruki wa kampuni ya ujenzi ya GAMA, waliokuwa wakilipwa yuro mbili tatu kwa saa huku fedha zao nyingine zikiwekwa katika benki ya Uholanzi bila wao kujua. Wakagoma. Waturuki hao, ambao walisemwa kuwa wamekuja kuvunja bei, ndio waliogoma.

Kwa hiyo mgeni havunji bei kwa ugeni wake. Bei inavunjwa na karatasi anayopewa. Binti yetu alipokwenda, kibali chake cha kazi kiliandikwa jina la tajiri wake. Akimwacha tajiri, amepoteza kibali. Akipoteza kibali, apande ndege. Wazee wetu wangekitambua kitu hicho mara moja, wangekiita kipande. Mwezi wake wa pili alipunjwa malipo ya zamu tano za usiku. Alinyamaza. Mzaliwa aliyekuwa zamu moja naye alipunjwa vilevile, akanyamaza pia, kwa kuwa alijua wale wageni hawatasimama naye. Hivyo ndivyo inavyokwenda. Septemba 2024 sheria mpya ilianza kumruhusu mwenye kibali kuhamia kwa tajiri mwingine baada ya miezi tisa, na hilo limepunguza makali.

Waomba hifadhi walikuwa na hali mbaya zaidi. Kuanzia mwaka 2000 waliwekwa katika makambi na hoteli, wakapewa kitanda, chakula, na yuro 19.10 kwa wiki kwa mtu mzima, na wakakatazwa kufanya kazi. Wengine walikaa hivyo miaka saba, minane. Mtaani wakaitwa wavivu wanaokula kodi za watu. Mtu umemfunga mikono halafu unamcheka halimi! Mahakama ya Juu ya nchi ile ilisema mwaka 2017 kwamba katazo hilo la moja kwa moja haliendani na katiba, na kuanzia mwaka 2018 waliruhusiwa kufanya kazi baada ya kungoja miezi kadhaa. Wengi wao leo wako kwenye majumba ya wazee, viwanda vya nyama na majiko. Karibu nusu ya wauguzi wa nchi ile walifunzwa nje, wengi wao India na Ufilipino. Wakiondoka wote Jumatatu kama wale vijana wenye bendera wanavyotaka, ajuza wa binti yetu atageuzwa na nani kitandani Jumatatu usiku?

Yule ndugu aliyenishika mkono atasema hayo ni ya Wazungu. Sawa. Turudi kwetu Uganda.

Mwaka 1970 serikali yetu iliwaondoa wafanyakazi wa Kenya, maelfu kwa maelfu. Baba yangu alikuwa kwenye reli. Jirani yake katika landhi alikuwa Mjaluo, fundi wa breki, aliyemfundisha kazi na Kiswahili pia. Alipewa siku chache akauza kitanda na baiskeli kwa bei ya bure. Baba aliniambia kwamba watu wa landhi walishangilia, na kwamba yeye hakushangilia lakini pia hakusema neno. Kisha walingoja mishahara ipande kwa kuwa watu wamepungua. Hawakuona hata senti. Walichopata ni zamu ndefu, kwa kuwa mafundi walikuwa wameondoka. Miaka miwili baadaye zamu ikawa ya Wahindi, siku 90, na wengi wakashangilia tena. Mwaka 1977 baba yangu mwenyewe alivuka Busia usiku akaenda kufanya kibarua Kisumu, na huko akaitwa mgeni anayevunja bei.

Leo nchi yetu ina wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, kuliko nchi yoyote ya Afrika, na nyumba zetu si nyingi kuliko za Dublin. Mama Kevina wa Nsambya, mzaliwa wa Ayalandi, alifika kwetu mwaka 1903, na mpaka leo wagonjwa wanapanda kile kilima. (Kweli, yeye hakuombwa kibali, kwa kuwa Mwingereza ndiye aliyeshika mlango.)

Vijana wale wa ghalani wanalipwa kwa kila gunia nusu ya tunacholipwa sisi. Nimeuliza, nimehesabu mwenyewe siku mbili nikiwa nimekaa juu ya mzani. Tajiri hakuwaleta kwa kuwa anawapenda Wakongo. Aliwaleta kwa sababu anajua hawana kadi na hawana wa kuwasemea, na anajua sisi tutamsaidia kuhakikisha hawapati. Tukipitisha lile pendekezo, nusu gunia itaandikwa kwa mkono wetu, na mwakani atatuita ofisini atuonyeshe kwamba kazi yetu inaweza kufanywa kwa nusu.

Binti yetu, nimesahau kuwaambia, alijiandikisha katika chama mwaka jana. Mwakilishi wa chama kazini kwake, mama wa Kiairishi, alimfuata jikoni na fomu. Zile zamu tano wamezilipa, zake na za yule mzaliwa.

Mkutano wa tawi ni Jumamosi ya pili ya mwezi, saa nane, chini ya mwembe kama kawaida. Pendekezo litasomwa tena. Nimemwomba mwenyekiti nipinge mimi, na nimewaomba wawili kati ya vijana wale waje wakae nasi wasikie wenyewe yanayosemwa juu yao. Mzee wangu, wewe pia njoo. Tubishane mbele ya wote.